Arlys Anaomba Faili Lake

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka kwa Bi Arlys Kangas. Mwandiko ule ule, herufi zimelala upande. Anaomba nakala ya faili lake lote, tangu siku ya kwanza alipoingia ofisini kwangu mpaka alipoacha kuja mwaka juzi. Ni haki yake. Sheria inanipa siku thelathini.

Sababu ameieleza bila kuzunguka. Daktari amempima na kumwambia kumbukumbu zimeanza kuondoka, na zikiondoka hazirudi. Anasema miaka ile mitatu baada ya kifo cha mume wake, Wilho, alikuwa akija kwangu kila Jumanne kumzungumzia yeye tu. Sasa anayataka maneno yale. Ayasome angali anajua ni ya nani, na baadaye binti yake Darla awe anamsomea. Chini kabisa ameongeza: kama si usumbufu.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili machozi yalinilenga, maana mimi si jiwe. Kisha nikafungua faili kwenye kompyuta, na machozi yakakauka.

Faili lina kurasa nyingi, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba kurasa zote zinasema kitu kimoja. "Mteja amefika kwa wakati. Amevaa nadhifu. Hali yake shwari. Tumeendelea na malengo." Jumanne ya kwanza niliandika mwenyewe. Jumanne zote zilizofuata nilinakili ya kwanza na kubadilisha tarehe. Mshauri nasaha yeyote hufanya hivyo siku akichoka. Mimi nilichoka miaka mitatu.

Lakini najitetea. Mtu analia mbele yako, utamwandika au utamsikiliza? Mimi nilisikiliza. Na kwa kusikiliza, mji huu mzima hakuna wa kunishinda.

Roxanne Drobny, mshauri mwenzangu ninayegawana naye ofisi hizi juu ya duka la mikate, alichungulia akauliza mbona rangi imenitoka. Nikamwambia ni baridi. Roxanne huandika maelezo ya kikao kabla kiti cha mteja hakijapoa. Mwaka jana mkaguzi wa ile bima inayolipia vikao vyetu alimsifu kwa hilo, tena mbele yangu. Sijasahau.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na sheria mkononi. Habari njema! Mshauri anaruhusiwa kuwa na maandishi yake binafsi, yaliyotengwa na faili, ambayo mteja hana haki ya kuyaona. Nilifurahi sana. Nikapika na mayai. Nilipokuwa nakula ndipo nikakumbuka kwamba sina maandishi hayo, na hata ningekuwa nayo, tatizo langu si kwamba kuna mengi ya kuficha.

Nimesoma tena. Kuna njia ya muhtasari. Mteja akiridhia, naweza kumwandikia muhtasari badala ya kumpa faili zima. Ukurasa mmoja mzuri wenye maneno ya heshima. Hilo naliweza.

Nikampigia Bi Arlys. Kwa sauti yangu ya kazini nikamweleza kwamba mafaili yetu yameandikwa kitaalamu, ni makavu, yatamchosha bure. Kisha akasema, "Sawa tu, Loren mwanangu. Chochote kilicho rahisi kwako." Nikashukuru upesi na kukata simu.

Kosa langu ni kwenda kujisifu kwa Roxanne. Aliacha kutafuna. Akaniuliza nilizaliwa wapi. Nikamjibu anajua fika, hapahapa Duluth, hospitali ile ya kilimani. Akasema basi mtu aliyezaliwa Duluth anajua kwamba "chochote kilicho rahisi kwako" maana yake ni hapana, tena hapana ya kuumia. Nikamwambia labda huko migodini alikokulia yeye. Akaendelea kutafuna huku ananiangalia.

Alhamisi, 6 Machi

Roxanne alikuwa sahihi. Sitamwambia.

Leo nimekuta mlangoni sahani ya keki ya limau iliyokatwa vipande, na ujumbe wa Bi Arlys. Anasema amefikiri. Muhtasari utakuwa maneno yangu, na yeye anatafuta yake. Kama faili ni zito kulibeba, atakuja na kile kigari cha kuvuta kwenye theluji alichokuwa akimpandisha Darla utotoni. Bado anacho, na kamba yake ni nzima.

Nimekula vipande vitatu nikiwaza. Mtu anayeandika hivyo hajachanganyikiwa. Ila nimegundua kwamba tarehe aliyoweka juu ni ya Novemba.

Nimepata mpango mwingine. Siujivunii, lakini ni mzuri. Sisi watu wa kaskazini hatupokei kitu mara ya kwanza. Ukipewa kahawa unakataa. Ukipewa tena unakataa huku unaangalia sakafu. Mara ya tatu unasema basi, nusu kikombe, na unapokea kikombe kizima. Mama yangu alipewa kiti cha magurudumu akakikataa mara mbili akiwa na mguu uliovunjika.

Kwa hiyo nitamwita, nitampa faili uso kwa uso, na nitampa mara moja tu.

Jumatatu, 10 Machi

Alikuja saa nne. Darla alimleta kwa gari na kubaki chini kwenye duka la mikate, kwa sababu Bi Arlys haendeshi tena. Amekonda. Koti lilelile la kijani. Alikaa kiti chake cha zamani bila kuonyeshwa.

Kahawa nilimpa mara tatu, kama inavyopasa. Tukazungumza barafu ya ziwani, kwamba mwaka huu imechelewa kuvunjika. Akanisimulia habari ya koleo lake la theluji, ile niliyokuwa nikiijua: koleo zuri, jepesi, mpini mwekundu, ambalo Wilho alimwazima jirani yao Clarence Bodin bila kumuuliza yeye mwenyewe, na yeye akanuna siku nzima. Alicheka. Tukarudi kwenye barafu. Kisha akanisimulia habari ya koleo.

Mara ya pili jina la jirani halikuja. Alisema, "yule... yule bwana wa nyumba ya pembeni," akalitafuta juu ya dari, akaliacha. Nilikuwa nalo mdomoni. Clarence Bodin. Sikulitoa, kwa sababu niliogopa mazungumzo yasije yakaelekea kwenye kumbukumbu, na kutoka hapo kwenye faili. Halafu yakaelekea hukohuko. Nikavaa sura ya ukarimu na kumwambia, faili lako liko tayari, nikuchapie sasa hivi?

Akasema, "Aa, usijisumbue na makaratasi yote hayo."

Nikasema sawa. Nikauliza habari za Darla.

Alijibu. Akavaa glavu. Akasimama. Akasimama mlangoni. Sisi kuaga ni kazi, najua, lakini hii ilizidi. Mlangoni alisifu kalenda yangu. Kwenye ngazi akakumbuka kuuliza kama mgongo wangu umepona. Chini, Darla akiwa ameshawasha gari, Bi Arlys akanishika mkono na kuuliza kama mashine yangu ya kuchapa inafanya kazi siku hizi, kwa sababu ya kwao nyumbani inasumbua. Nikamwambia yangu pia inasumbua. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kisha akaingia kwenye gari.

Alikuwa anangoja nimpe mara ya pili. Nilijua. Nilijua tangu kwenye kalenda.

Nimeandika kwenye kompyuta: "Mteja amesitisha ombi."

Roxanne alisikia yote, ukuta wetu ni mwembamba. Alikuja akasimama mlangoni. Nilitegemea matusi. Alisema tu kwamba bibi yake mwenyewe aliishia hivyo, na mwisho wake alikuwa akiuliza kila asubuhi kama ameolewa. Kisha akasema, "Mzee, umemsikiliza mama wa watu miaka mitatu, ukamwandika kama utabiri wa hali ya hewa."

Jumamosi, 15 Machi

Dhamiri imenishinda, kwa hiyo nimebuni mpango wa heshima. Kama maneno yake hayamo kwenye faili, nitayaweka. Kila Jumanne nitaijaza kama ilivyokuwa. Yeye atapata alichoomba, mimi nitapata usingizi, na mkaguzi wa bima naye akipita atapata cha kusoma.

Nimekuja ofisini asubuhi, jengo tupu, harufu ya mikate. Nikakaa. Nilidhani nitakumbuka vitu viwili vitatu. Vikaja vyote.

Wilho aliijenga sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, nyuma ya nyumba kwa mikono yake, na kila Jumamosi waliingia wawili. Yeye benchi la juu, Arlys la chini. Wilho alikuwa mwenye haya, haimbi kanisani wala hasemi mezani, lakini mvuke ukishapanda alikuwa akipiga mluzi. Humo tu. Baada ya mazishi Arlys aliendelea kuiwasha sauna kila Jumamosi na kukaa peke yake kwenye benchi la chini. Hakuwahi kuthubutu kupanda. Nikakumbuka na ile Jumanne ya theluji kubwa, aliponiambia kitu ambacho Darla mwenyewe hajaambiwa. Niliandika mpaka mkono ukaniuma.

Roxanne akaingia. Alikuwa amesahau miwani, anadai. Akasoma nyuma ya bega langu muda mrefu. Nikadhani anatafuta makosa ya herufi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama haya yote yamo kichwani mwangu. Nikamwambia yamo, na mengine zaidi. Akaniangalia kama vile ndiyo kwanza tunakutana. Nakiri nilivimba.

Raha haikudumu. Alinyoosha kidole kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Mashine imeandika, kwenye kila ukurasa niliougusa, kwamba umebadilishwa leo. Akaniambia kubadilisha faili baada ya mteja kuliomba ndicho kitu hasa kinachofanya bodi ya washauri imnyang'anye mtu leseni. Nikasema nia yangu ni njema. Akasema wote waliowahi kufukuzwa walikuwa na nia njema. Akakaa nami mpaka nikarudisha kila ukurasa ulivyokuwa, na akanilazimisha niandike, kwa tarehe ya leo, nilichojaribu kufanya.

Niliyoyaandika yamefutika na faili likarudi kuwa shwari. Roxanne akasema kilichobaki ni kumpa mama yule kilichopo, kisha kumwambia ukweli. Nikauliza kama hakuna njia ya tatu. Alichukua koti lake na kuondoka. Miwani ilikuwa kichwani kwake muda wote.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempa.

Nilichapa usiku wa kuamkia leo—hapana, leo asubuhi, mashine haina tatizo lolote. Bi Arlys alikuja na Darla, ambaye alibaki tena chini dukani na kahawa yake. Nilimwambia faili hili hapa. Akasema nisijisumbue. Nikampa tena. Akaangalia sakafu. Nikampa mara ya tatu, akasema basi, na akalipokea kwa mikono miwili.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akalowesha kidole, akasoma wa pili. Nilitamani kumwambia kwamba inatosha, lakini alisoma wote, bila kuruka, na mimi nimekaa hapo mikono magotini.

Mwisho akasema, "Mtu huyu ana bahati. Hajawahi kuwa na siku mbaya." Akaniuliza kama ni yeye kweli, au labda makaratasi yamechanganyika na ya mteja mwingine. Nikamwambia ni yeye.

Akauliza, "Niliwahi kulia humu ndani?"

Nikasema ndiyo. Mara nyingi.

Akasema, "Hapa haijaandikwa." Hakulaumu. Alisema kama mtu anayetafuta ufunguo na kuambiwa haupo kwenye droo hiyo.

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilikuwa mvivu wa kuandika, kwamba mwezi huu wote nimekuwa nikimpiga chenga, kwamba maneno yake hayapo popote isipokuwa kwangu mimi niliyeyasikia. Akafikiri. Akaweka faili chini ya kiti, akakunja mikono, na kusema basi nimwambie mimi. Nimwambie alikuwa akisema nini.

Nikamsimulia. Sauna, mabenchi mawili, haya ya Wilho, mluzi. Koleo, na Clarence Bodin. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za binamu anayempenda. Mahali fulani alinisimamisha. Akasema hapana, haikuwa hivyo, akanisahihisha, akaniambia ilivyokuwa hasa, na uso wake wote ukang'aa. Tulicheka wote wawili mpaka Roxanne akagonga ukuta.

Nikafika kwenye Jumanne ya theluji. Niliuliza kama anataka kuisikia. Akasema nimpe. Kwamba Jumamosi ile ya mwisho alikuwa amenuna kwa ajili ya koleo, akakataa kuingia saunani, Wilho akaenda peke yake. Kwamba alilala kitandani akausikia mluzi kutoka nyuma ya nyumba, akaamka na kufungua dirisha apate kuusikia vizuri, na nje kulikuwa na baridi ya kuua. Kwamba aliusikiliza mpaka mwisho. Wilho aliporudi ndani, Arlys akajifanya amelala. Asubuhi mume wake hakuamka.

Mimi nililia, Bi Arlys hakulia. Akasema, "Kumbe nilifungua dirisha." Akasema tena, polepole, kana kwamba anaiweka mahali. "Nilifungua dirisha."

Akaniomba nimwandikie. Yote, kama nilivyosema, pamoja na pale aliponisahihisha, hasa pale. Si ya kwenye faili, yake tu, ya kusomewa na Darla. Nikamwahidi. Nikampa mkono. Ngazini alikuwa anashuka akiimba kwa pua.

Roxanne alinifuata hadi mlangoni na kalamu. Akasema kaa chini, andika sasa hivi. Nikamwambia nina haki ya kupumua. Akasema andika ndipo upumue. Nikashuka kununua mkate. Yule mwanamke hawezi kuona mtu amefanya jambo zuri bila kumpa kazi.

Ijumaa, 28 Machi

Wiki imekwenda. Wateja, mgongo, barafu imevunjika, watu wote wamekwenda kuitazama na mimi nikaenda. Lakini kila siku nimejisikia mtu bora. Nimelala vizuri. Nimemwambia Roxanne kwamba kuna washauri wa kalamu na kuna washauri wa moyo. Akaendelea kuandika.

Bi Arlys alipiga simu leo asubuhi. Aliuliza mimi ni Loren yupi, nikamweleza, akafurahi. Ameandika kwenye mlango wa friji kwamba kuna kurasa anazosubiri kutoka kwangu, lakini hakumbuki vizuri zinahusu nini. Nikamwambia zinamhusu Wilho. Akasema, "Oo, vizuri." Akasema hakuna haraka. Yeye mwenyewe kasema hakuna haraka.

Hata hivyo nimekaa mchana nikaanza. Benchi la juu, benchi la chini, haya, mluzi, koleo. Kalamu ilikwenda vizuri kabisa mpaka nilipofika pale aliponisahihisha. Nimeangalia kwenye shajara hii. Nimeandika kwamba alinisahihisha na kwamba tulicheka. Sikuandika alisema nini.

Haikuwa rangi ya mpini. Au ilikuwa. Labda wimbo wa ule mluzi, maana nadhani aliupiga kidogo, au labda ilihusu mabenchi, nani alikaa wapi. Nikafikiria kumpigia nimuulize. Nikaishika simu, kisha nikaiweka.

Roxanne alipita akasema anacho kinasa sauti kizuri, niende nacho kwa Bi Arlys leo hii, kesho huenda tukawa tumechelewa. Nikamwambia asante, sihitaji. Akanipa tena. Nikakataa tena. Hakurudia.

Nimefikia uamuzi, na nimeridhika nao. Kuanzia sasa siandiki kabisa. Karatasi ndizo zilizoniingiza kwenye balaa lote hili. Kilichoniokoa ni kichwa changu, tena mbele ya Roxanne, ambaye aliona kwa macho yake. Bi Arlys akitaka kusikia, aje, nitamsimulia upya kila mara, na kwa sauti. Ni bora kuliko kurasa.

Lile alilonisahihisha litanijia tu. Ni dogo, na lipo hapa karibu, namsikia kabisa anavyocheka.